Kasia la Mtoto wa Ng'ambo

Uvira, tarehe 14 Agosti 1966

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Félicité, huko Bujumbura,

Nakusalimia weye, shemeji Mathieu, mtoto, na yule jirani yako aliyesema minye niko na masikio makubwa. Sisi tuko wazima. Mama anaumwa goti, lakini bado anapika, kwa hiyo sisi wengine hatuumwi. Ninyi je? Mnalala salama? Samaki wetu mukeke bado mnampata sokoni?

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Shangaa kwanza, halafu endelea kusoma. Shule ilifunguliwa tena waasi walipoondoka, na sasa niko kalasi ya ine, mimi na ndevu zangu tatu. Kwa kuandika hakuna anayenipita, isipokuwa wasichana wawili ambao siwahesabu.

Generose, yule mama wa mchele wa Bwegera anayevuka na barua zetu, alikwisha kukuambia kwamba Babu Thaddée alitutoka mwezi wa sita. Alikwenda vizuri. Alikula, akatukana namna ninavyoshika tezo ya kuchongea mitumbwi, akajilaza baada ya chakula cha mchana, basi. Kwenye mazishi watu walijaa mpaka barabarani, na kila mmoja alisema Babu alikuwa rafiki yake kuliko wengine.

Unakumbuka sheria yake. Mti unaangushwa mlimani, mtumbwi unachongwa huko huko, halafu unavutwa kwa kamba mpaka ziwani. Yeyote anayekutwa njiani, awe chifu au bwana harusi, anashika kamba, kisha anakunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Siku ya uhuru maandamano yalipita na bendera na ngoma. Babu akawaambia uhuru ni mzuri sana, lakini mtumbwi hauna miguu. Wakauvuta wote, na suti zao.

Waasi nao walipanda mlimani wakamuuliza yuko chama gani. Akajibu yuko chama cha kamba. Minye nilikuwa nimesimama kidume nyuma ya mgomba. Mkubwa wao alikasirika, halafu akacheka, halafu akavuta. Askari wa serikali walipofika baadaye, Babu akawaambia adui zao walivuta vizuri zaidi. Mtumbwi ule ulikimbia kama mbuzi!

Lakini weye hukuyaona hayo. Mlikuwa mmekwisha kuvuka alfajiri ile mlipowakimbia waasi, bila kumuaga Babu. Generose anasema kila akija unamuuliza kama Babu alikuweka bado moyoni. Ndiyo sababu ninaandika, na sasa ngoja nimeze mate.

Barua yako ya kwanza ilipofika, Babu aliita mtaa mzima uje kusikiliza. Akanikalisha katikati. Minye wakati ule nilikuwa nimeishia kalasi ya pili, na mwandiko wako umeshikana kama wavu uliolala juani. Niliona neno “Babu”, nikaona “mtoto”. Kusema sijui mbele ya watu wote wale? Minye, Kizito? Basi nikasoma. Nikasoma kwamba unawasalimu wote, jina kwa jina, na kwamba umezaa kijana mnene, umemwita Thaddée, anashika kila kitu kama kamba. Wamama wakapiga vigelegele, Babu akacheza na mguu wake ule mbovu. Kesho yake alipanda mlimani kuchagua mti mdogo wa mtumbwi wa mtoto wa ng'ambo. Barua zilikuja tatu. Kijana akaota meno, akatembea mapema kuliko watoto wote wa Uvira.

Mwezi uliopita nilifungua kopo la barua zako, nikazisoma kweli. Umezaa msichana, Pudentienne. Na kila barua ulimwomba Babu msamaha. Neno hilo halikutoka kinywani mwangu hata mara moja. Yaya, nisamehe. Masikio yangu makubwa yaliwaka moto.

Tena Jumapili ya mwisho wa mwezi huu tunaondoa matanga. Wazee wanasema Babu aliacha neno kwamba tezo yake ni ya mtoto wa Félicité. Wanangoja kijana! Nikakimbilia kwa katekista Modeste anishauri. Alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe kila barua, kesho yake, Babu aliipeleka kwake isomwe tena. Alisikia yote. Alisema anayekimbia na uhai wake amemuaga babu yake vizuri. Modeste alitaka kukuandikia hivyo, Babu akakataa: atakuambia mwenyewe siku ya kuvuta mtumbwi mdogo. Na kuhusu minye alisema niachwe, maana ninajaza uwanja watu, na siku nitakayojua kusoma nitajipiga mwenyewe.

Modeste akanituma nikatazame kasia dogo lililotundikwa juu ya jiko likauke. Nikafuta masizi. Babu asiyejua hata A alikuwa amechonga herufi zote kwa kisu, akifuata alama za makaa alizochora Modeste: PUDENTIENNE. Ubao haukutosha, E ya mwisho imepanda kwenye mpini.

Kwa hiyo njoo, Yaya, umlete. Nitasimama mbele ya watu nisome barua zako tatu kama zilivyo, wacha wanicheke. Mtumbwi mdogo bado uko mlimani, hatujauvuta. Kwenye kamba nimeacha nafasi ya mkono mdogo, mbele yangu.

Mama anakusalimia, na goti lake pia. Msalimu shemeji, na yule jirani mwambie masikio yanaendelea vizuri.

Ni minye mdogo wako,
Kizito, kalasi ya ine