Chumba cha Vitanda Viwili

Mpendwa Baba mkwe,

Shikamoo. Leo nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kiti, sikupiga magoti; magoti yangu yamechoka na nadhani huko uliko hakuna anayeyadai. Tumeanua matanga yako. Nyumba nzima ni vipara vitupu, watoto wanapapasana vichwa na kuchekana, wanaume wako uani na rubisi yao, pombe ya ndizi. Mimi nimejifungia chumbani kukuandikia. Maisha yako yote tulisemeshana kwa kupitia watoto, na nina maneno ambayo siwezi kumtuma mtoto.

Nataka tuikumbuke safari ya Mwanza. Editha alikuwa na miaka sita, na ule uvimbe shingoni ulikuwa umekua hadi akawa anakoroma akiwa macho. Daktari wa wilaya alisema apelekwe Mwanza haraka akapasuliwe. Mwanao, mume wangu, alikuwa amevukia Uganda pale Murongo na biashara zake ambazo hatukuruhusiwa kuziuliza, na hakuna aliyejua atarudi lini. Ukavaa kanzu na lile koti la kahawia, ukachukua fimbo na kofia, ukamwambia Editha, "Mwambie mama yako afunge mizigo."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nasikia kila neno. Editha akanigeukia, "Mama, Babu anasema ufunge mizigo." Ndivyo tulivyoishi, na wala sikulalamika. Nilikuwa mkweo. Sikutaja jina lako, sikukupa mkono, sikukanyaga mlango wa chumba chako hata siku ya kufagia.

Kutoka Bweranyange hadi Bukoba tulipanda lori. Mimi na watoto ulituweka mbele kwa dereva, wewe ukapanda nyuma juu ya magunia ya maharage. Ulishuka mweupe kwa vumbi hadi kope, Josefu, mdogo wake Editha, akakuogopa akalia mgongoni kwangu. Ulicheka. Ulikuwa unacheka vizuri sana, Baba, ila mbele yangu ulifunika mdomo.

Kisha tukafika bandarini, dirishani kwa mkata tiketi za meli. Yule alikuwa mtu wa pwani, maneno yake matamu na haraka nyingi.

"Mzee, daraja la pili limejaa. La kwanza kimebaki chumba kimoja, vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Au mwende la tatu, lakini huko ni mikungu ya ndizi, upepo, na kila mtu na mahali alipoangukia."

Nilijua unapima nini, maana na mimi nilikuwa nalipima hilo hilo. Daraja la tatu watu wanakaa kama sokoni, hakuna chumba wala kitanda, kwa hiyo hakuna mwiko. Lakini kuna baridi ya ziwa, na mtoto kifua kinapiga filimbi. Chumbani kuna joto. Lakini mkwe na baba mkwe ndani ya mlango mmoja, tena mmoja alale juu ya kichwa cha mwenzake? Mawe, mama yangu! Kwetu hilo halisemwi, sembuse kufanywa.

"Sasa mzee, tatizo liko wapi? Huyu si mwanao?"

"Ni mkwe wangu."

"Basi! Si ndiye mwanao huyo huyo?"

Foleni nyuma yetu ikaanza kunung'unika. Wewe ukainama dirishani, ukauliza, "Mlango wake unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa."

"Na nje ya mlango pana nafasi ya mtu kukaa?"

Alicheka hadi akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, unanunua chumba ili ukae mlangoni?"

"Nipe hicho," ukasema.

Ndani ya meli ulichungulia kile chumba kutoka kizingitini, ukaviangalia vitanda vile vilivyobebana, ukamwambia Editha kwa sauti ya kutosha nisikie, "Aliyetengeneza kitanda hiki hana wakwe." Nikageuka ukutani nicheke. Halafu ukakaa sakafuni nje, magoti kifuani, watu wakikuruka na mizigo yao.

Usiku, tulipoiacha bandari ya Kemondo, ziwa likachafuka. Nilitapika hadi nikaona nyota. Josefu analia kwa mkono huu, Editha ananikaba kwa mkono ule, pumzi inamkatika kwa woga, anaita "Babu! Babu!" Sikuwa na mkono wa tatu. Nikafungua mlango, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikakusemesha mwenyewe: "Baba, ingia. Mtoto anakutaka."

Ulisimama. Ukaivuta kofia hadi kwenye macho, ukanipa mgongo, ukaingia kinyumenyume, ukipapasa kwa fimbo nyuma yako mpaka ukagusa kitanda cha chini. Ukakaa sakafuni umeutazama mlango, ukarudisha mkono nyuma, Editha akaushika. Pumzi yake ikatulia. Ulisema mlango ubaki wazi. Upepo ukawa unaingia, mtoto akaanza kukohoa upya, nikaufunga mimi. Kwa mkono wangu, na ningeufunga tena leo.

Asubuhi meli ilipotia nanga Mwanza ukamwambia Editha, "Mwambie mama yako tumefika." Ukafungua mlango, ukatoka. Pale nje alikuwa anapita mchuuzi wa ndizi wa Nyaishozi, anakufahamu. Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, umelala salama?" na tabasamu lake. Editha alipasuliwa, akapona, tukarudi nyumbani kwa furaha. Lile tabasamu lilikuwa limetutangulia kufika.

Mume wangu alirudi wiki ile ile tuliyorudi sisi. Mwaka uliofuata nikamzaa Deusi. Hakuna aliyesema neno mbele yangu, ila wifi yangu, binti yako mkubwa, alimtazama mtoto kitandani akasema, "Karibu, abiria." Wakacheka. Jina likashika. Mume wangu naye akalichukua. Jioni akirudi anauliza, "Editha amekula? Josefu amekula? Na abiria?" Kila jioni, Baba. Niweke chakula mezani nikimeza hilo.

Nilijaribu kumweleza. Alinijibu, "Nani kakuuliza?" Ndipo nikakungoja wewe. Nilijua unajua, maana uliacha kuja kula kwetu, na siku moja jamaa mmoja alikuchokoza kwenye rubisi ukaondoka na kiti chako. Kwako wewe kujibu lilikuwa jambo la aibu, ni kukubali kwamba swali lenyewe linaulizika. Heshima yako ilibaki safi. Mimi nilibaki na matope. Neno moja tu kwa mwanao lingetosha, na hukulisema, na ukafa nalo. Nilikulilia siku ya mazishi, lakini wallahi nilikuwa nimekukasirikia, na watu waliona machozi tu.

Sasa sikia ya leo. Waliketi uani kunyoa, watoto wako kwanza, kisha wajukuu. Wifi ndiye aliyeshika wembe. Akamnyoa mume wangu, akawanyoa wadogo zake, akaingia kwa wajukuu, Editha, Josefu. Deusi akasogea na kichwa chake kidogo, ana miaka minne, anaona ni mchezo. Wifi akauinua wembe juu.

"Na huyu abiria namnyoa kama nani? Kama mjukuu, au nilitakiwa nimnyoe na sisi watoto?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Mume wangu aliangalia chini. Nikajua akikaa kimya sasa, mwanangu hana nyumba katika nyumba hii.

Editha akasimama. "Shangazi, wewe hukuwepo."

Akaingia ndani, akatoka na kofia yako na fimbo. Akaivuta kofia hadi machoni, akatupa mgongo sisi sote, akaja kinyumenyume uani kote, akipapasa kwa fimbo, mpaka akamgusa Deusi. Akakaa chini akitazama migomba, akarudisha mkono nyuma, mdogo wake akaushika.

"Babu aliingia hivi," akasema bila kugeuka. "Akakaa hivi hivi mpaka Mwanza. Asubuhi mkono ulikuwa umekufa ganzi, fimbo aliishika kwa mkono wa kushoto."

Mdogo wako, yule mzee anayekohoa, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi. "Ndiye huyo! Ndiye kabisa, kaka yangu na ushamba wake!" Na wazee wengine wakaitikia, maana hakuna mtu angeweza kukubuni wewe namna ile.

Mume wangu akauchukua wembe kwa dada yake. Akamweka Deusi katikati ya magoti akamnyoa mwenyewe, vibaya, ameacha visiwa vya nywele. Hakusema kitu. Mwanao ni wewe mtupu.

Jioni hii nilikuwa jikoni nikasikia sauti yake kutoka uani: "Deusi amekula?"

Niliinama kwenye mafiga nikalia kwa uchungu, si kwa furaha, nisikudanganye. Kwamba neno la mke wa ndoa halitoshi kwa miaka yote hiyo, la mtoto mwenye kofia linatosha kwa dakika moja. Sijamsamehe. Na wewe bado.

Kesho asubuhi nitakuja kaburini kwako pale kwenye migomba. Sitamtuma mtoto. Nitakaa mbele yako nikutazame usoni, nikwambie asante kwa mkono ule, na nikwambie yaliyobaki. Ukitaka kunipa mgongo, nipe. Nitasema tu.

Mimi mkweo,
Mama Editha, Mama Josefu, na Mama Deusi.