Ubani wa Vifaranga

Badriya, mwenzangu, vifaranga wa skuli kwa kina Shemsa, mwanangu, wamekufa. Wote! Nimewaua mimi, ninayesoma nawe darasa la jioni.

Walianguliwa jana, mwalimu akawaweka kwenye sanduku darasani. Bi Mwanakheir, jirani yangu, akanambia, "Washaonwa na macho mengi hao, wasije wakapata kijicho. Wafukize, mwanangu." Basi asubuhi nikatangulia skuli na chetezo, nikatia ubani wa sokoni Darajani, ule mzuri. Nikalifunika sanduku kwa kanga, moshi usitoke.

Nilipofunua, kimya. Kimya, Badriya!

Mwalimu hata hakunigombeza. Alisema tu, "Moshi umewazidi, bibi." Watoto wakaangua kilio. Shemsa wangu hakulia. Tangu tulipomzika mdogo wake, Himid, mwezi jana, ni vifaranga hawa tu waliomchekesha.

Tulipokuwa njiani kurudi, akaniuliza, "Mama, na Himid ulimfukiza?"

Nilimfukiza kila magharibi, kama mama alivyonifukiza mimi.

Nnavyokuandikia, amekaa mlangoni ananitazama. Bado anangoja jawabu.