Dishi Juu ya Lori la Baba

Salamabila, Ijumaa, 11 Julai

Nitaandika yote, hata kwamba nilimshuku kaka yangu.

Tangu tufike hapa, televisheni ya lori tunamolala haionyeshi kitu. Baba anamshuku kaka, Ramazani.

"Weye uliharibu waya juu ya kwenda kuangalia mpira kwa wenzako. Kesho unarudi nyumbani Kasongo!"

"Waya iko muzima, Papa! Siye mimi!"

Mchana kutwa nilimvizia kaka. Hakukaribia hata ngazi, na waya kweli ulikuwa mzima. Basi nani?

Jioni Bibi, tuliyempakia Kabambare, akauliza kama kawaida: "Gari inaangalia kibla?" Kati ya magunia ana kijinafasi chembamba cha kusalia, hawezi kugeuka. Kwa hiyo siku hizi Baba anaegesha lori kuelekea kibla, si kule alikozoea kulielekeza ili dishi lishike picha. Lakini dishi limekazwa kwa boloti juu ya paa! Lori likigeuka, nalo linageuka, linaacha setilaiti yake.

Asubuhi, kabla pikipiki haijamchukua kaka kumrudisha Kasongo, nitamwomba Baba tulegeze boloti, tuzungushe dishi tu. Bibi abaki na kibla yake.

Ila picha ikirudi, nitamwuliza: Baba, utamwomba Ramazani msamaha? Nijibu hapa hapa.