Inchi za Wifi

Jumatatu, 3 Machi
Aibu! Nimekwenda zahanati kwa siri, mtandio hadi puani, kumweleza mshauri kwamba miezi mitatu sasa nalia juu ya cherehani bila sababu. Kwenye benchi nimemkuta nani? Wifi! Dada wa mume wangu, mwalimu, mdomo kama wembe. Nikasema nimemsindikiza jirani. Naye eti kamsindikiza jirani. Majirani wenyewe hawaonekani. Mshauri katuingiza pamoja. Amri yake: kila asubuhi tujuliane hali, na tusidanganyane.

Jumanne, 4 Machi
Imeshindikana. Nimempigia. Hujambo wifi? Sijambo. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Njema. Basi, wagonjwa wawili, wazima kama chuma! Salamu zenyewe zinatudanganyia. Nimemwambia tutumie inchi. Futi yangu ya ushonaji ina sitini: sitini ni furaha ya bibi harusi, sifuri ni kushindwa hata kuoga. Kasema huo ni upuuzi wa mafundi. Dakika mbili baadaye katuma: 19.
Nimejibu 40. Nimetia chumvi kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa! Ile 19 ya wifi niliiandika kwenye daftari la vipimo, pembeni mwa suruali moja, nisiisahau. Leo mwalimu mkuu — bosi wake! — kaja kuchukua suruali ya mahafali. Mtu mrefu, anainama mlangoni. Kaingia nyuma ya pazia. Katoka na kaptura. Kasema kwa upole kwamba aliagiza suruali.
Nimempigia wifi palepale kuungama. Kacheka mpaka simu ikakatika. Kapiga tena, kacheka tena, halafu kalia. Nami nikalia. Mwalimu mkuu kasimama, magoti nje, hajui ambembeleze nani. Mwishowe kasema haidhuru, ataivaa kwenye mazoezi.

Jumatatu, 10 Machi
Wifi 31! Mimi 40. Kauliza mbona yangu haipandi wala haishuki, futi yangu imekufa? Nimejitia nina wateja.

Alhamisi, 13 Machi
Sijafungua duka. Sijaoga tangu juzi. Ukweli ni huu: arobaini sijawahi kuifikia. Nilianza na kumi, leo tano. Niliogopa kumwambia, nisije nikamrudisha chini na yeye ndiyo kwanza anacheka. Mume kanigusa paji la uso, kasema sina homa, kaenda kazini.
Saa mbili simu ikaita. Sikupokea. Saa tatu mlango! Wifi, chaki mkononi, katoka katikati ya kipindi. Nimesema kutoka ndani ya blanketi: tano. Na zile arobaini zote zilikuwa uongo. Nikasubiri matusi. Kasema tu, mwongo mkubwa wee, hebu sogea. Kavua viatu, kapanda kitandani, upande wa kaka yake. Naandika huku kiwiko chake kiko mbavuni mwangu.
Simu yake inaita. Mwalimu mkuu. Darasa halina mtu, yuko wapi?
"Nauguza," kasema wifi.
Nani anaumwa?
"Mimi na wifi yangu. Mshauri wa zahanati katukabidhi sisi kwa sisi. Tunauguzana."
Nimefumba macho. Kazi imekwenda hiyo! Lakini bosi hakati simu. Tunamsikia anafunga mlango wa ofisi yake, anakohoa. Halafu, kwa sauti ya chini, anauliza huyo mshauri anapatikana siku gani, na kama kule benchi la kusubiria linaonekana kutoka barabarani —