Orodha ya Vilima

Jumatatu, 3 Machi 1997

Saa mbili jenereta imewaka, nikafungua ordinateri, kompyuta ya ofisi. Risasi zilisikika upande wa vilimani tangu alfajiri. Sasa kimya. Nje wanapakua mikungu ya michikichi kama kawaida.

Direkta wa kiwanda amebadilisha lengo tena. Mwaka jana kiwanda kilitaka mawese mengi. Januari lori zikaogopa barabara ya Bujumbura, kikataka sabuni. Leo kinataka mawese tena, kwa sababu kuna boti ya kuyavusha Kigoma. Kila lengo likibadilika, watu wanahamishwa zamu na mimi nabomoa programu yangu ya kupanga zamu mstari kwa mstari. Nimechoka. Kosa ni langu. Lengo nililikoroga ndani ya kila kitu kama chumvi kwenye mchuzi. Halitoki tena.

Nitalitenga. Likae mahali pake peke yake, programu ilisome kwanza, kisha ipange watu yenyewe. Direkta ajaze anachotaka bila kuniita.

Alhamisi, 6 Machi

Inafanya kazi! Nimebadilisha lengo mara nne, zamu zimejipanga mara nne. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Konsolata, anayepima mikungu kwenye mizani, alikuja kuangalia. Hakusifu. Alisema: "Zaina, dada, sisi watu wa juu tunarudi na giza, na njiani wanaua. Hiyo mashini yako haiwezi kujua kila mutu anatoka wapi?"

Inaweza. Fomu za karatasi ziliungua mwaka juzi ofisi iliposhambuliwa, kwa hiyo nimezunguka kiwanda kizima na daftari, namuuliza kila mtu kilima chake cha nyumbani. Wote wamenijibu. Melkiori, anayechochea moto wa bwela, alinitajia cha kwake, cha baba yake na cha mkwewe, tukacheka. Kuanzia wiki ijayo wanaotoka mbali zaidi wataingia asubuhi, warudi jua likiwa bado juu; wa vilima vya karibu kidogo, kama Konsolata, wataingia mchana.

Jumamosi, 8 Machi

Hamisi amekufa. Mtoto wa mama mkubwa, dereva wa kiwanda. Waasi wameshambulia lori karibu na Magara. Walipiga matairi kwanza, kisha yeye, kisha wakawasha moto. Mapipa ya mawese yaliungua hadi adhuhuri. Melkiori na wenzake wawili ndio waliomtoa ndani. Nimemjua kwa meno. Hakuoshwa, hapakuwa na ngozi ya kuosha. Wamemfanyia tayamamu, tumemzika.

Mama mkubwa hakulia. Alikaa tu, anafungua na kufunga kiganja.

Kila mtu anasema kuna mfanyakazi aliyewaambia waasi lori litaondoka saa ngapi. Na mimi nasema hivyo. Nataka mtu afe kwa hili. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Liyetena, afisa wa kambi ya jeshi, alikuwa ofisini kwa Direkta asubuhi nzima. Mchana nikaitwa.

"Mademuazeli Zaina," Direkta akasema, "nikitaka lengo liwe usalama, niwapange watu kwa kilima, nafanya namna gani?"

Nikamwonyesha. Chagua hapa, andika hapa, bonyeza. Majina ya zamu ya asubuhi yakajipanga kilima kwa kilima. Liyetena aliinama mbele ya kioo, akaweka kidole kwenye vilima wanakojificha waasi, akaguna.

"Murakoze," Direkta akaniambia. "Kazi nzuri sana."

Nilifurahi kusifiwa. Sikuuliza wanaitakia nini. Nadhani nilijua.

Jumanne, 11 Machi

Watu kumi na mmoja.

Saa tatu askari waliingia na karatasi. Karatasi yangu ya mashini ya kuchapa, ile yenye matundu pembeni, hawakuwa hata wameikata. Wakasoma majina. Watu walijibu "ndiyo" kama siku ya mshahara. Wakafungwa mikono nyuma, wakapelekwa kwenye michikichi iliyo nyuma ya kiwanda. Mmoja aligeuka kuchukua koti lake, akapigwa kitako cha bunduki mdomoni, akaenda bila koti.

Mashine hazikuzimwa. Hata hivyo tulisikia. Kwanza mfululizo, halafu moja moja.

Baadaye tulitumwa kuwafunika. Melkiori alilala kifudifudi kwenye mfereji, bado amevaa aproni. Nyuma ya kichwa chake hapakuwa na kitu. Nikakata makuti kama wengine.

Siku tatu tu zilizopita mikono ile ilimtoa Hamisi kwenye moto.

Si wao waliomuua. Na hata kama ni mmoja wao, kumi je? Mimi ndiye niliyeuliza vilima. Mimi.

Jumatano, 12 Machi

Konsolata amenifuata kisimani. Hakusalimia.

"Kesho wanakuja kwa zamu yetu ya mchana. Mulinzi wa bariyeri ya barabarani ameniambia. Jina langu iko mule ndani?"

"Iko."

"Na kilima?"

"Na kilima."

"Basi kitoe."

"Wakigundua wataniua, Konsolata."

Alinitazama. "Mimi je, wananipeleka harusi?"

Saa tisa Direkta alienda ufukweni kuangalia boti. Nimefunga mlango. Kufuta tu hakutoshi, nafasi tupu inauliza maswali. Nimeandika Rumonge, mji wetu huu, kwa kila mtu. Watu wote wa kiwanda wamezaliwa Rumonge, na Direkta pia. Disketi za akiba nimezivunja kwa goti. Kurasa za daftari nimezitia motoni kwenye bwela. Mchocheaji mpya alinipisha.

Naogopa.

Jumapili, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Polepole.

Alhamisi walikuja saa nane. Liyetena akaamuru orodha. Mashini yetu ya kuchapa ni ya zamani, inakwaruza mstari mmoja mmoja. Nikamwambia majina ni mengi, asubiri. Akasubiri, anavuta sigara. Nilimwomba Mungu utepe ukwame. Haukukwama.

Akasoma. Rumonge, Rumonge, Rumonge. Akageuza ukurasa. Rumonge.

"Unanicheka?"

Nikasema mashini imeharibika. Alinipiga kofi nikaanguka na kiti. Akaniinua kwa nywele, akaweka mkono wangu wa kulia juu ya meza, akampa askari ishara. Kitako cha bunduki. Mara ya kwanza sikusikia maumivu, nilisikia mlio tu. Mara ya pili nililia kama mbuzi. Mara ya tatu sikumbuki. Kisha akaivunja ordinateri kwa bunduki ile ile na kunielekezea mimi mtutu wake.

Direkta alikuwa ukutani, amekunja mikono kama yuko kanisani. Akasema kwa sauti ndogo: "Afande, ni yeye peke yake anayejua kazi hii. Mukimuua kiwanda kinasimama." Hakusema jingine. Sijui nimshukuru au nimtemee mate.

Walipotoka nje, mashine zilikuwa zinanguruma na hapakuwa na mtu. Konsolata alikuwa ameiacha mizani mara tu walipoingia ofisini. Akapita kwa kila mmoja, akawatoa wote kupitia mfereji wa maji machafu. Askari walifyatua risasi kwenye michikichi hadi zikaisha. Wamempiga mzee mmoja mgongoni. Amekufa jana. Wengine wamefika ziwani.

Vidole vitatu vimevunjika. Mama mkubwa amenifunga vijiti na vitambaa. Hajaniuliza kwa nini.

Jumanne, 25 Machi

Habari: Konsolata yuko ng'ambo, Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimempata mke wa Melkiori. Anakaa kambi ya huku kwetu, na waliohamishwa kutoka vilimani, kibanda cha nyasi, watoto wawili. Anaitwa Marita. Nilitembea saa nzima nikipanga maneno, na nilipofika yakapotea.

"Amahoro," nikasema.

"Amahoro. Kaa."

Nikamweleza yote. Kwamba ni mimi niliyemuuliza mume wake kilima chake na kuandika. Kwamba ni mimi niliyemwonyesha Direkta namna ya kupanga majina. Kwamba siku ile nilikuwa na hasira ya Hamisi, nikanyamaza. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na mikono haikusimama hata mara moja.

Nikamaliza. Nikangoja anifukuze.

Akauliza: "Siku ile alikuwa amekula?"

Sikujua. Nilijua namba yake, zamu yake, kilima chake na vya wazee wake. Hilo sikulijua. Nikamwambia sijui.

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akausogeza ungo katikati yetu ili niufikie kwa mkono mzima, tukaendelea kuchambua. Mtoto mdogo akaja akalala kwenye kanga yangu. Mvua ilianza, nyepesi, bila radi.