Watu Watatu Chumbani

Lozells,
Birmingham 19,
Uingereza.
15 Februari 1976

Mpendwa Shangazi Kemunto,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa Jairus, mtoto uliyemlea. Huku baridi imekaza, lakini mwili unavumilia na kazi ya wodini inaendelea. Nataka kujua goti lako la kushoto linaamkaje siku hizi, na kama yule ng'ombe mwekundu bado anakupiga teke ukimkama au ameanza kukuheshimu. Magdalene aliniandikia kwamba umekataa kwenda kupimwa macho. Mimi muuguzi nakusihi uende, ingawa najua ukishakataa jambo hata mchungaji hakuwezi.

Magdalene, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea mama yako barua hii. Tafadhali soma taratibu na usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu kwa niaba yangu.

Shangazi, nakuandikia kuhusu mke wangu Milka. Tangu Novemba amerudi kwa baba yake Nyansiongo, na watu wanasema safari yake ya kuja huku iliharibiwa na mdomo wake mwenyewe. Hata wewe umesema hivyo, na sikulaumu, kwa kuwa ni mimi niliyekuandikia hivyo. Nilikudanganya. Miezi minane sasa nimelificha neno hili, na leo nalitoa.

Unakumbuka mwaka wa 1972 uliponisindikiza hadi barabarani, ukanishika mkono ukasema nisije nikala peke yangu ugenini. Ulisema mtu anayefunga mlango akala peke yake, kwetu anajulikana kuwa mchoyo, au hata mchawi. Nikaitikia. Mwaka wa kwanza nilikaa katika bweni la wauguzi, na neno lako nililitunza bila shida, maana tulikuwa wengi mezani.

Lakini bweni haliruhusu mke. Na sheria ya huku ni kwamba huwezi kumleta mkeo mpaka uonyeshe una pahali pa kumweka: pawe pako, pasiwe pamejaa watu, na kama umepanga, mwenye nyumba aandike barua kuthibitisha. Basi nikahama nikapanga chumba hapa Lozells kwa Mzee Sukhdev Singh. Huyu alikuwa fundi wa reli Nakuru miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha karakana.

Chumba kilikuwa cha nyuma, futi kumi na mbili kwa kumi. Nilikuwa nikirudi kazini nafunga mlango kwa sababu ya baridi, natia sarafu kwenye mita ya gesi, nasonga ugali wa mtu mmoja, nakula nikiutazama ukuta. Yaani nilifanya lile lile ulilonikataza. Sikuthubutu kukuandikia. Milka naye sikumwambia, kwa maana nilijua angekuja kukueleza, na nilitaka ajione ameolewa na mtu mwenye watu.

Kwa hiyo nilimwandikia Milka kwamba ninaishi na Bethuel, mtoto wa Baba Mdogo, pamoja na Kamau, rafiki yangu wa Nakuru. Nikaandika kwamba tunalala chumba kimoja, tunakula sinia moja, na vicheko vyetu vinamnyima usingizi mwenye nyumba. Ukweli ni kwamba Bethuel analala bwenini na Kamau amepanga kwake Winson Green. Walikuja siku moja tu ya Sabato baada ya ibada, tukala, wakaenda zao. Sabato moja niliifanya kuwa wiki nzima. Barua zangu za mwaka mzima na zaidi ziliwalaza watu wale chumbani mwangu, na Milka alizisoma zote akaziweka.

Juni mwaka jana aliitwa Nairobi kwenye ofisi ya viza. Nilikuwa nimemtumia barua ya Mzee Sukhdev iliyosema chumba kimoja, mpangaji mmoja, hakuna mwingine. Ilikuwa ya Kiingereza, na Milka sikumfafanulia. Nilidhani wataangalia karatasi tu. Kumbe afisa alimgeukia na kumuuliza mumewe anaishi na nani. Milka akajibu kwa fahari kwamba ninaishi na shemeji zake wawili, hawajaniacha hata usiku mmoja, na kwamba yeye akifika atatupikia sote watatu.

Shangazi, alisema alichokisoma kwa mkono wangu. Afisa akaona karatasi inasema mmoja, mke anasema watatu, na yeye mwenyewe awe wa nne katika futi kumi na mbili kwa kumi. Wakamnyima kibali. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa ndefu ya kutosha kutoka Lozells hadi Nairobi.

Habari iliponifikia nilikaa chini kuandika kabla hata sijavua koti. Nikamwandikia kwamba mdomo wake umetufungia mlango. Siku hiyo hiyo nikakuandikia na wewe. Milka hakujitetea. Angeweza kuzitoa barua zangu akakusomea, na wewe ungejua mara moja ni nani mwongo. Hakufanya hivyo. Alinyamaza akabeba lawama yangu, akaibeba hadi ikamshinda, akarudi kwao.

Mzee Sukhdev alipoona barua ya kukataliwa aliisoma mara mbili, akaniambia, "Mimi naandika kweli, bibi yako nasema kweli ile yeye najua. Sasa nani iko na makosa hapa, Jairus?" Alinipa chai akaondoka, na kwa wiki nzima nilipita mlangoni pake kwa kunyata.

Tangu Januari amenipangisha vyumba viwili vya juu, vyenye jiko langu mwenyewe na dirisha la kuelekea barabarani. Bwana afya wa halmashauri alikuja na utepe wake, akapima, akahesabu kitanda kimoja, akauliza kama kuna mtu mwingine anayelala humo. Nikasema hakuna. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi kumwambia mgeni yule, na jinsi ilivyonishinda kuwaambia ninyi. Barua mpya ya mwenye nyumba iko tayari, na Milka anatakiwa Nairobi tena Jumanne, tarehe 16 Machi.

Wiki iliyopita aliniandikia mistari michache, ya kwanza tangu Novemba. Nakunakilia: "Baba Mdogo wako amenieleza kuna vyumba viwili. Ni vizuri. Lakini wakiniuliza unaishi na nani, nijibu nini? Yote ninayoyajua juu yako niliyasoma katika barua zako. Siendi."

Nimeisoma barua hiyo hata karatasi imelegea. Ningeweza kumwandikia mimi mwenyewe, lakini ataaminije mkono ule ule? Ndiyo sababu nakugeukia wewe. Ulikwenda Nyansiongo kuniombea mke, na baba yake alikukalisha kwa heshima. Nakuomba uende tena, goti likikuruhusu, Magdalene akushike mkono. Barua hii isomwe mbele ya baba na mama yake, wote wasikie kwamba binti yao hakukosa neno lolote. Usimwombe aje. Usimkumbushe ng'ombe wa mahari. Akitaka kubaki, ana haki, na mimi nitajua ni kwa mikono ya nani.

Na wewe Shangazi, nisamehe kwa kukuvunjia neno, na zaidi kwa kukufanya umseme vibaya mtoto wa watu.

Nisalimie Baba Mdogo na mama wa watoto wake. Bethuel anakusalimu, na Kamau pia, ingawa sasa wanajua niliwatumia vibaya na wananicheka kila Sabato. Mungu alinde nyumba yako, akutie nguvu ya goti kwa mwendo huu mmoja.

Mwambie Milka kwamba kama ataamua kwenda, jibu ni hili, na ni la kweli: mume wangu haishi na mtu. Anafunga mlango, anakula peke yake, na amekula peke yake tangu alipolihama bweni.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,
Jairus