Chiriku wa Marlow Warudi Uwanjani

Mtaa wa Kanisa,
Marlow, Michigan.
27 Juni 1972.

Mpendwa mdogo wangu Bronia,

Salamu tele kutoka nyumbani zikufikie huko Perth, wewe na shemeji Alek na wanangu wote. Mko salama? Goti la shemeji linaendeleaje? Mwambie aachane na kupanda paa, vijana wapo. Nasikia kwenu sasa ndiyo baridi, basi vaa ile sweta niliyokufumia hata kama rangi yake huipendi.

Sisi hatujambo. Mikate inauzika, kanisa limepakwa rangi upya. Mimi naandika nimeegemea upande mmoja, maana mbavu zangu zimekuwa na rangi ya biringani. Usishtuke. Nimeumia kwa furaha, na ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Unamkumbuka Tereska, binti wa kaka yetu Kazik, uliyemwacha akiwa mchanga? Sasa ana miaka kumi na mmoja, miguu mirefu kama ya korongo, na akirusha mpira unausikia ukivuma. Majira haya alikwenda kujiandikisha katika timu ya besiboli ya watoto. Akarudi dukani kwangu, akanawa uso, akaketi juu ya gunia la unga. Nilipombana sana ndipo akasema wamemwambia wasichana hawachukuliwi.

Nikavua aproni nikaenda kwa Orville Tanner, yule mwenye duka la misumari na rangi. Siku hizi ndiye mwenyekiti wa ligi ya watoto, tena ndiye mrushaji wa timu ya zimamoto. Nilimweleza kwa upole kwamba mtoto anaweza. Naye kwa upole vile vile akanijibu kwamba mpira utamvunja pua, halafu lawama zitamwangukia nani? Nikamkumbusha kwamba mimi nilikuwa mdakaji wa Chiriku misimu kumi, timu ya kulipwa, nikichuchumaa nyuma ya mpigaji, na pua yangu bado iko mahali pake.

Akacheka. "Bi Jadzia, ile haikuwa besiboli. Yalikuwa maonyesho ya sketi. Watu walikwenda kuangalia magoti."

Na dukani mlikuwa na wateja, nao wakacheka. Bronia, masikio yaliniwaka. Wewe unajua tulivyochubuka mapaja kwa kuteleza kwenye changarawe na zile sketi walizotuvalisha, tukapakwa dawa, na kesho yake tukacheza. Nikamwambia alete wazima moto wake, nami nitaleta magoti yangu. Tukishinda, Tereska ataandikishwa, na msichana mwingine yeyote atakayetaka. Tukishindwa, hatanisikia tena nikilitaja jambo hilo mpaka nizikwe. Akanipa mkono mbele ya watu.

Kazik alikasirika. Alisema nakwenda kumtia mwanawe aibu mji mzima. Hujasahau kwamba zamani zile hakukanyaga uwanjani hata siku moja, kwa sababu wenzake wa kiwandani walikuwa wakimtania juu ya dada yake anayekimbia na magoti nje. Sikubishana naye. Nilikwenda kushika simu.

Laiti ungezisikia sauti zao! Tangu timu ivunjwe tulitawanyika, kila mtu na njia yake. Luella, mrushaji wetu, ni daktari wa meno kule Ohio. Aliniambia mkono wake haujalala, magego ya watu yanaujua. Tilly anaendesha lori la ng'ombe Nebraska, na lori hilo hilo ndilo alilokuja nalo, harufu yake imebaki mtaani mpaka leo. Genevieve, yule mwizi wa vituo aliyekuwa akichomoka kwenda kituo cha mbele mrushaji akizubaa, ndiye siku hizi Sista Perpetua, anafundisha hesabu. Mama mkuu alimpa ruhusa kwa sharti asitukane mtu. Wengine wakaja na mabasi, mmoja na mjukuu mgongoni. Tulipopungukiwa na mtu mmoja, Bi Harriet, yule mlezi wetu aliyekuwa akitukagua rangi ya midomo kabla ya mchezo, akasema atasimama uwanja wa kulia. Ana miaka sabini. Akasimama kweli, na mwavuli wake.

Tulicheza Jumapili ya tarehe 18, baada ya misa. Padri Zygmunt ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alisema amezoea kusikiliza makosa ya pande zote. Watu walijaa mpaka juu ya mapipa. Wengi walikuja kucheka, nisikufiche.

Na mwanzoni walicheka. Kijana mmoja wa zimamoto, Dewey, mkubwa kama mlango wa ghala, aliupiga mpira ukampita Bi Harriet ukaenda kulala kwenye majani, na kabla hatujatoa jasho walikuwa wameshapata pointi tatu. Nikamwendea Luella pale katikati. Nilidhani nitamkuta amevunjika moyo, kumbe anatabasamu.

"Wanapiga kwa nguvu zote hawa," akaniambia. "Basi tuwanyime kitu cha kupiga kwa nguvu."

Tangu hapo akawa anaurusha polepole, mpira unakuja kama unauliza njia, halafu ukifika mbele ya gongo unadondoka. Na mimi pale nyuma nilirudia kazi yangu ya zamani. Unajua timu yetu haikuitwa Chiriku bure.

"Dewey, mwanangu, mama anajua umetoka nyumbani?"

"Bi Jadzia, niache nipige."

"Nani kakushika? Piga."

Akapiga upepo, akazunguka mwenyewe kama pia. Safari hii kicheko kiliwaangukia wao, na baada ya hapo hawakupata kitu tena kwa muda mrefu.

Kisha Sista Perpetua akafika kituo cha kwanza. Orville alimtazama, akaona mtawa wa makamo, akageukia kazi yake ya kurusha. Alipotazama tena, mtawa yuko kituo cha pili, ameketi chini, anapangusa vumbi kwenye gwanda lake. Punde kidogo akawa kituo cha tatu. Tilly akaupiga mpira mbali, na kutoka hapo mambo yakageuka. Tukawafikia, tatu kwa tatu. Ilipofika zamu yangu ya mwisho niliupiga, si kwa nguvu, ila niliupeleka pale ambapo hapakuwa na mtu, na mwenzetu aliyekuwa kituo cha tatu akakimbia mpaka nyumbani, pale kwenye kibao cha mpigaji. Nne kwa tatu. Hapo hakuna aliyekuwa akicheka.

Wakabaki na nafasi yao ya mwisho. Tulikuwa tumeshamtoa mmoja wao, tumebakiza wawili, na Orville mwenyewe alikuwa amesimama kituo cha tatu, akinitazama. Dewey akaupiga mpira juu kabisa, upande wa kushoto. Tilly akarudi nyuma, akarudi tena, akaudaka. Huyo wa pili katoka. Lakini sheria inamruhusu aliye kituo cha tatu akimbie mara tu mpira unapodakwa, na Orville alikuwa ameshaondoka.

Tilly akaurusha. Bronia, ule mkono unaovuta kamba za ng'ombe! Mpira ulinijia umenyooka, ukagonga chini mara moja, ukaingia kwenye glavu yangu, na papo hapo Orville akaingia mbavuni mwangu na kilo zake mia. Tukaanguka wote wawili, vumbi likatufunika.

Kama mpira ungenidondoka, wangesawazisha. Padri akainama.

"Mpira uko wapi, Jadzia?"

Nikaifungua glavu. Akautazama, akainuka, akanyoosha ngumi juu: katoka. Basi ilikuwa kelele ya nderemo ambayo sijaisikia tangu ujana wetu. Bi Harriet alikuwa akikimbia, mwavuli kautupa. Luella alinikumbatia nikapiga yowe la maumivu, nikamwambia asiniachie.

Orville alikuwa bado chini. "Umeumia, Bi Jadzia?"

"Mbavu tu. Wewe?"

"Mimi nimeumia zaidi," akasema.

Lakini ni mwungwana, sitamnyima haki yake. Aliinuka, akavua kofia, akatushika mkono mmoja mmoja mpaka Bi Harriet. Kisha akaenda kwenye uzio alipokuwa Tereska. "Jumatatu saa kumi jioni," akamwambia. "Njoo na glavu yako, na usichelewe. Wanaochelewa huzunguka uwanja."

Kazik alinifuata nikiwa nimekaa nimewekewa barafu. Macho yalikuwa mekundu. "Dada, mbona hukuniambia kwamba ulikuwa hivi?"

"Nilikualika misimu kumi, Kazik."

Akaketi kando yangu, akanishikia barafu mbavuni. Jioni tulikula soseji na kabichi uani kwangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapakulia Chiriku wote.

Jumamosi iliyopita Tereska alicheza mechi yake ya kwanza. Wasichana wengine wanne wameandikishwa nyuma yake. Alikosa mpira kila zamu yake. Akalitupa gongo, Orville akamgombeza kama anavyowagombeza wote, akaenda kulia benchini, wavulana wakasogea wakampa nafasi. Mimi na Kazik tulikuwa tumekaa katikati ya watu, masikio wazi. Hakuna hata mmoja aliyesema amekosa kwa kuwa ni msichana. Walisema anainua kiwiko mno. Na kweli, Bronia, anainua kiwiko mno.

Msalimie sana shemeji Alek, na wanangu Marek na Danuta, na yule jirani yako mwema anayekuletea ndimu. Kazik na mkewe Helena wanawasalimu, Tereska anakubusu. Bikira Maria awafunike kwa joho lake, awalinde huko ng'ambo mpaka siku tutakapoketi tena meza moja.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Jadzia